Huyu chatu mfalme ni mofu gani? Kusoma dalili na kutafuta chanzo

Maswali mengi kuhusu chatu mfalme (Python regius) waliozalishwa na wafugaji yana mzizi mmoja: jina la mofu (aina ya rangi au mchoro inayorithiwa) aliloandikiwa nyoka haliendani na kinachoonekana. Ameuzwa kama Pastel, sasa amekuwa wa kahawia. Ameandikwa kuwa anabeba Albino, ametaga misimu miwili na hajatoka mtoto mwenye macho mekundu. Wazazi wote ni weupe, mtoto ana madoa. Kila moja ya hali hizi ina vyanzo vinavyojulikana, na kuna utaratibu wa kuvichuja: kwanza nasaba, kisha alama za mwilini, kisha hesabu ya watoto au kipimo cha DNA. Anayetegemea macho peke yake atakosea, kwa sababu kuna mofu zinazofanana kiasi kwamba hata mfugaji mzoefu hawezi kuzitenga kwa picha.

Huyu si yule chatu mkubwa wa mbuga za Tanzania na Kenya. Chatu mfalme ni wa Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, na jike mkubwa ni nadra kupita mita moja na nusu kwa mbali. Mofu zake nyingi zimejengwa na wafugaji wa Marekani na Ulaya kutokana na nyoka waliosafirishwa toka Ghana, Togo na Benin. Albino ilithibitishwa kuwa inarithiwa mwaka 1992, Piebald 1997, Clown na Spider 1999. Zilizofuata ni nyingi mno, na nyingine ni jeni ileile iliyopewa majina mawili na wauzaji wawili: Lesser na Butter ni mfano unaojulikana.

Kabla ya kutaja jina lolote

Mtoto aliyetoka kwenye yai hasomeki vizuri mpaka ajivue gamba la kwanza, kwa kawaida wiki moja hadi mbili baada ya kuanguliwa. Kabla ya hapo rangi zimefifia na njano haijatulia. Nyoka mzima naye akikaribia kujivua gamba, macho huwa na utando wa kibuluu na mwili hupauka. Msubiri amalize, halafu mtazame ndani ya siku mbili tatu.

Jambo la pili ni mwanga. Taa ya sebuleni yenye mwanga wa manjano humgeuza nyoka wa kawaida kuwa Pastel. Mpeleke karibu na dirisha jua lisipompiga moja kwa moja, mweke juu ya karatasi nyeupe, na hakikisha karatasi inaonekana kwenye picha. Karatasi ikitoka ya njano, usiamini rangi ya nyoka aliye juu yake. Piga mwili mzima kutoka juu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, tumbo kuanzia shingoni hadi mkiani, na kichwa kwa karibu jicho na mdomo vikionekana. Watu husahau picha ya tumbo, na hiyo ndiyo inayoamua kesi nyingi.

Jambo la tatu ni kumjua nyoka wa kawaida. Ana mwili wa kahawia iliyokolea hadi nyeusi, na ubavuni mabaka ya kahawia nyepesi ambayo kila moja mara nyingi huwa na madoa mawili meusi, kama macho. Kichwa ni cheusi juu, na mstari mwembamba wa rangi ya mchanga hupita kwenye jicho. Tumbo ni jeupe au la malai, lenye vidoa vya kijivu pembeni. Nyoka wa kawaida hawafanani: wapo weusi sana, wapo wenye manjano mengi, wapo wenye mstari uliokatika mgongoni. Tofauti hizo si mofu mpaka zirithiwe.

Jeni zinavyokaa

Kila jeni ina mahali pake kwenye kromosomu, na nyoka ana nafasi mbili za mahali hapo, moja ya baba na moja ya mama. Ichukulie kama benchi la watu wawili: wa tatu hana pa kukaa. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanajieleza.

Jeni fiche (Albino, Piebald, Clown, Genetic Stripe) haionekani mpaka viti vyote viwili vikaliwe nayo. Mwenye nakala moja anaonekana wa kawaida, na wafugaji humwita het. Jeni tawala nusu (Pastel, Mojave, Lesser, Fire, Enchi, Yellow Belly, Cinnamon, Black Pastel) hubadilisha sura kwa nakala moja, na kwa nakala mbili huibadilisha zaidi. Huyo wa nakala mbili huitwa Super. Jeni tawala kamili, kama Pinstripe, ina sura ileile iwe nakala moja au mbili.

Kisha kuna familia, yaani jeni tofauti zinazogombea benchi moja. Mojave, Lesser, Butter, Russo, Phantom, Mystic na Special ni familia moja. Fire na Vanilla ni nyingine. Yellow Belly, Gravel, Asphalt, Specter na Spark ni ya tatu. Cinnamon na Black Pastel ni ya nne. Nyoka hawezi kuwa Mojave, Lesser na Phantom kwa pamoja. Tangazo likisema hivyo, muuzaji hajui anachouza au anajua na anakudanganya.

Dalili: alikuwa wa njano, sasa ni wa kahawia

Chanzo cha kawaida ni umri. Pastel nyingi hupoteza mng'aro kadiri zinavyokua, na akifika miaka mitatu unaweza kumpita bila kumtambua. Usitafute njano kwa nyoka mzima. Tafuta alama zisizofifia. Jicho la Pastel huwa na ukijani badala ya kahawia nzito, midomo ni myeupe, na juu ya kichwa pana mpauko unaoanzia nyuma kuja mbele. Ndani ya mabaka ya mgongoni rangi huwa nyepesi katikati. Alama tatu zikikutana, jina la Pastel linakubalika. Ikiwapo moja tu, mwandike wa kawaida mpaka ithibitike vinginevyo.

Pastel huchanganywa sana na Fire, Vanilla na Enchi. Enchi ina wekundu wa chungwa kuliko njano, na mchoro wa mgongoni umepangika kwa mikanda iliyo safi. Fire na Vanilla ni ngumu zaidi: mwili umepauka kidogo tu, kichwa kimepauka zaidi, na nyoka wa kawaida mwenye rangi nyepesi anaweza kuwa na sura hiyohiyo. Hapa mayai ndiyo shahidi. Mpandishe na Fire anayejulikana. Akitokea mtoto mweupe mwenye macho meusi, huyo mshukiwa wako ana Fire. Akitokea wa rangi ya malai iliyopauka sana lakini si mweupe kabisa, fikiria Vanilla. Wakitokea Fire na wa kawaida tu, idadi ya mayai ndiyo itakayoamua uzito wa jibu. Hesabu iko mbele.

Dalili: ameuzwa kama Yellow Belly, lakini haonekani kuwa na chochote

Yellow Belly mwenye nakala moja anakaribiana mno na nyoka wa kawaida, na ndiye anayezua ugomvi mwingi kati ya wauzaji na wanunuzi. Mgeuze taratibu utazame tumbo. Katikati huwa safi, na kingo zote mbili zina madoa mengi kama ya ubao wa drafti yanayofuata mstari wa magamba ya tumbo. Kutoka hapo, rangi nyepesi hupanda ubavuni kwa ncha zilizochongoka kama ndimi za moto. Mabaka ya ubavuni nayo huwa na joto la njano kwa chini.

Alama hizo hazitoshi. Gravel, Asphalt, Specter na Spark zinazo pia, na zikiwa nakala moja karibu zote zina sura moja. Thamani yao iko kwenye mchanganyiko: Yellow Belly na Gravel hutoa Highway, na Asphalt hutoa Freeway, na Specter hutoa Superstripe, na Spark hutoa Puma. Yellow Belly mbili hutoa Ivory, nyoka wa rangi ya pembe ya ndovu. Ndiyo maana aliyeandikwa Yellow Belly akizaa Highway na mwenzake ambaye hana shaka kuwa Yellow Belly, ujue ulinunua Gravel.

Kwa kuthibitisha, usimpandishe na Yellow Belly wa nakala moja kama unaweza kupata Ivory. Kwa Yellow Belly wa nakala moja, kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa Ivory, na mtago wa mayai 6 unaweza kukosa Ivory kwa bahati mbaya tu kwa asilimia 18 hivi. Kwa Ivory, kila yai lina nafasi 1 kati ya 2, na mayai 6 kukosa yote ni chini ya asilimia 2. Mtago wa chatu mfalme kwa kawaida ni mayai 4 hadi 10, na jike huchukua karibu miaka mitatu na zaidi ya gramu 1,500 kufikia kutaga. Mwenzi mbaya wa jaribio anaweza kukugharimu msimu mzima.

Dalili: nyoka ni mweupe na hujui weupe umetoka wapi

Anza na macho. Macho ya buluu yanakupeleka familia ya Mojave na Lesser. Super Lesser ni mweupe kabisa, na baadhi yao macho hutokeza kuliko kawaida, kasoro inayojulikana. Super Mojave huwa na ukijivu kichwani. Macho meusi na mwili mweupe wenye vidoa vya njano vilivyotawanyika ni Super Fire. Macho ya giza, mwili wa malai na mstari hafifu wa njano mgongoni ni Ivory. Macho mekundu au ya waridi yenye mchoro wa njano juu ya weupe ni Albino au mojawapo ya jamaa zake. Macho ya kawaida, kichwa chenye rangi kamili na mwili wenye vipande vyeupe visivyo na doa ni Piebald. Kichwa cha Piebald hubaki na rangi hata weupe ukiwa asilimia 90, isipokuwa ikichanganyika na jeni kama Spider au Champagne, ambazo humfanya awe karibu mweupe wote.

Si kila wawili wa familia ya Mojave hutoa mweupe. Mojave na Mystic hutoa nyoka wa zambarau-kijivu anayeitwa Mystic Potion, na Super Phantom naye ni wa giza. Aliyetarajia watoto weupe akapata wa kijivu hajaibiwa. Alipandisha jamaa wa upande mwingine wa familia.

Tatizo zito zaidi la nyoka mweupe ni kile asichoonesha. Weupe hufunika Pastel, Enchi, Pinstripe na karibu kila kitu. Ukinunua mweupe mwenye macho ya buluu bila nasaba, hutajua ndani yake mna nini mpaka azae na nyoka wa kawaida. Watoto hao watakuonesha jambo jingine pia: kwa kuwa viti vyote viwili vimekaliwa na familia ya Mojave, kila mtoto lazima achukue mmojawapo. Akitokea mtoto wa kawaida kabisa, basi ama umemsoma vibaya mtoto, ama huyo mweupe si wa familia hiyo, ama mzazi si yule unayemdhani.

Dalili: wazazi wote wana macho mekundu, watoto ni wa kawaida

Wengi hudhani dume mwingine aliingia. Kabla ya kumshuku yeyote, uliza kila mzazi ni albino wa aina gani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan, wakitumia magamba yaliyotolewa na wafugaji, walionesha kwamba Albino ya kawaida iko kwenye jeni TYR, Lavender Albino iko kwenye OCA2, na Ultramel iko kwenye TYRP1. Hayo ni mabenchi matatu tofauti. Albino akipandishwa na Lavender Albino, kila mtoto anapata nakala moja ya kila upande, hakuna benchi lililojaa, na wote wanatoka wa kawaida. Watoto hao si hasara: kila mmoja ni het wa zote mbili kwa uhakika wa asilimia 100. Candy na Toffee, kinyume chake, zimo kwenye TYR pamoja na Albino, kwa hiyo Candy na Albino hutoa watoto wenye rangi iliyopauka, katikati ya wazazi.

Kwa macho, Lavender Albino ana msingi wa zambarau hafifu pale Albino alipo mweupe, na tofauti hiyo huonekana zaidi mnyama akikua. Watoto wachanga wanaweza kukuchanganya.

Dalili: ni het, ila hazai kinachotarajiwa

Soma asilimia iliyoandikwa kando ya neno het kwenye tangazo. Asilimia 66 maana yake wazazi wote walikuwa het, na mtoto anayeonekana wa kawaida ana nafasi 2 kati ya 3 ya kubeba. Asilimia 50 maana yake mzazi mmoja tu alikuwa het. Namba hiyo haisemi nyoka ana jeni kiasi gani. Ama anayo, ama hana.

Mpandishe na mwenye mofu yenyewe, si na het mwingine. Akiwa kweli anabeba, kila yai ni nusu kwa nusu. Mayai 6 yote yakitoka ya kawaida, het wa asilimia 66 anabakiwa na uwezekano wa asilimia 3 hivi wa kuwa anabeba. Hapo mwondoe jina. Ukitumia het kwa het, itakubidi kupata mayai 16 ya kawaida mfululizo ndipo bahati mbaya ishuke hadi asilimia 1, na hayo ni mitago miwili au mitatu.

Wapo wanaodai kumtambua het wa Piebald kwa mistari miwili meusi inayofuata kingo za tumbo, au kwa kipande cheupe karibu na tundu la haja. Mistari hiyo hupatikana kweli kwa het wengi, lakini hupatikana pia kwa nyoka wasiobeba chochote, na mkanda mweupe karibu na mkia hutokea kwenye mofu nyingi bila Piebald. Itumie kuchagua nani wa kumjaribu kwanza, usiitumie kupanga bei.

Nyoka walioanguliwa Ghana, Togo au Benin kutokana na majike waliokamatwa porini wakiwa na mimba hawana baba anayejulikana. Neno het kwenye karatasi zao halina msingi wowote.

Dalili: dume wa Banana anazaa Banana wa kiume tu, au wa kike tu

Hili linawasumbua wengi na jibu lake ni zuri. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba chatu wana kromosomu za jinsia za X na Y, dume akiwa XY. Banana (Coral Glow huchukuliwa kuwa ileile) iko juu ya kromosomu hizo. Dume aliyeipata Banana kwa mama yake ameibeba kwenye X, na X yake huenda kwa mabinti. Basi karibu Banana wake wote ni majike. Dume aliyeipata kwa baba anayezaa Banana wa kiume ameibeba kwenye Y, na Banana wake karibu wote ni madume. Neno ni karibu wote, kwa sababu sehemu za X na Y hubadilishana vipande mara chache, na hapo hutokea mmoja asiyefuata mkondo. Jike wa Banana hana upendeleo: nusu ya mabinti na nusu ya wana.

Hivyo ukinunua dume wa Banana, uliza swali moja tu: mzazi mwenye Banana alikuwa nani, baba au mama? Aliyemzalisha akishindwa kujibu, panga msimu wa kwanza kama jaribio na watambue jinsia watoto wote, Banana na wasio Banana. Vidoa vyeusi vinavyoongezeka kwenye mwili wa Banana kadiri anavyokua ni hali yake ya kawaida, si ugonjwa wa ngozi.

Dalili: mchoro wa ajabu ambao wazazi hawana

Tazama kumbukumbu za joto la mashine ya kutotoleshea kabla ya kubuni jina. Mayai ya chatu mfalme hukaa vizuri kwenye nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi na huanguliwa baada ya siku 55 hadi 60. Joto likipanda na kushuka, hutoka watoto wenye mistari iliyovunjika, mabaka yaliyoungana au mchoro uliopungua. Dalili kubwa ya chanzo hiki ni kwamba watoto kadhaa wa mtago uleule, wenye jeni tofauti, wana kasoro inayofanana, hasa wale waliokaa upande mmoja wa kasha.

Mstari wa mgongoni ndio unaodanganya zaidi. Genetic Stripe ya kweli hutoka shingoni hadi mkiani ikiwa safi, imepakana na mistari ya giza pande zote. Mstari wa bahati huanza na kukatika, na mara nyingi huwa shingoni au karibu na mkia tu. Pinstripe ina nyuzi nyembamba za giza mgongoni na ubavu uliopoteza mabaka mengi. Clown ina mstari mpana mgongoni, alama pekee kichwani na doa kama chozi chini ya jicho.

Kipande kimoja cha rangi ngeni, mfano doa jeusi la kawaida juu ya Albino, huitwa Paradox. Kwa kadiri ya yale yaliyozoeleka, haizai mfano wake. Usilipe zaidi kwa matumaini ya kuizalisha.

Ukishaondoa joto na bahati, jaribio ni hili. Mpandishe huyo wa ajabu na nyoka wa kawaida asiye ndugu yake. Nusu ya watoto wakiwa na sura hiyo, jeni ni tawala au tawala nusu. Wote wakiwa wa kawaida, usimtupe bado: mrudishie mmoja wa watoto wake, na akitokea mwenye sura ile, umepata jeni fiche. Safari hiyo ni ya miaka minne au zaidi, na hakuna njia ya mkato ya kuaminika.

Dalili: kichwa kinatikisika, mwili unapinduka

Hapa usitafute jina la mofu tu. Tafuta chanzo leo hii. Pima joto la upande wa moto: linapaswa kuwa nyuzi 31 hadi 33. Uliza kama kasha limepuliziwa dawa ya utitiri. Mtenge na wengine. Akitazama juu muda mrefu, akitapika au akilegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, kwa sababu maambukizi ya mfumo wa fahamu hutoa dalili hizohizo.

Ikiwa ametikisika hivyo tangu alipozaliwa na ana afya nyingine zote, angalia kama ana Spider: nyuzi nyembamba nyeusi kama utando juu ya mwili, mabaka machache, ubavu uliopauka. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walionesha kwa picha za skana kwamba Spider ana umbo lenye kasoro kwenye sikio la ndani, mahali penye mizani ya mwili. Kasoro inatoka kwenye jeni yenyewe. Hakuna ukoo wa Spider "uliosafishwa", na anayeuza kwa kusema hivyo ameona tu wale wenye dalili ndogo. Champagne, Woma na Super Sable nazo zinajulikana kwa tatizo la aina hiyo. Aidha, Spider wawili wakipandishwa, hakuna mtoto wa nakala mbili anayejulikana kuishi, hivyo robo ya mtago kupotea si kosa la mashine. Msimamo wetu ni kwamba Spider aliyepo atunzwe vizuri, asizalishwe.

Uti wa mgongo uliopinda una vyanzo viwili vikuu: joto la mayai lililopita nyuzi 33, na jeni. Super Cinnamon, Super Black Pastel na Caramel Albino hujulikana kwa kupinda hata mayai yakitunzwa vizuri. Hao Super wawili huweza pia kuwa na mdomo uliobapa mbele. Desert naye ana shida yake: majike wake hushindwa kutaga mayai yenye uhai. Ukiwa na jike wa Desert anayefanana na Enchi na mitago yake yote inaoza, huenda ndilo jina lake.

Dalili: watoto hawaendani na dume uliyemtumia

Jike wa chatu mfalme huweza kuhifadhi mbegu za dume hadi msimu unaofuata, na mtago mmoja huweza kuwa na baba wawili. Kwa hiyo orodhesha kila dume aliyekutana naye ndani ya miaka miwili, si wa mwaka huu tu. Jike uliyemnunua akiwa mkubwa anakuja na historia usiyoijua.

Ikiwa mayai yaliyofaulu ni machache, watoto wote ni majike, na hakuna jeni hata moja ya baba, fikiria uzazi usio na dume. Umethibitishwa kwa chatu mfalme kwa vipimo vya DNA. Mwaka 2020 jike mzee wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai 7 bila kuwa karibu na dume kwa zaidi ya miaka 15. Watoto wa namna hii huweza kuonesha jeni fiche ya mama kwa ghafla, kwa sababu viti vyote viwili vimetoka kwake.

Kutuma gamba maabara

Maabara kadhaa za kibiashara, hasa Marekani, hupima jeni fiche na baadhi ya zile tawala nusu kwa gamba alilojivua nyoka. Uliza kwanza orodha ya wanachopima. Mofu nyingi bado hazimo. Chukua gamba la nyoka mmoja lililojivuliwa ndani ya kasha lake pekee, si kasha lililokaliwa na mwingine kabla halijaoshwa. Vaa glavu mpya. Lianike kivulini mpaka likauke kabisa, kwa sababu likiwa na unyevu huota ukungu na DNA huharibika. Kata kipande cha sentimita 5 kisicho na kinyesi, kitie kwenye bahasha ya karatasi, usitumie mfuko wa plastiki, na andika namba ya nyoka, tarehe na jinsi. Gamba lililobaki liweke kwenye bahasha ya pili nyumbani.

Kama maabara iko nchi nyingine, kumbuka chatu mfalme yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na masharti hayo yanagusa pia sehemu za mnyama. Waulize wasimamizi wa CITES wa nchi yako kabla ya kupeleka bahasha posta, iwe unatuma kutoka Muscat au Nairobi.